Pilau ya Bibi Harusi wa Mkonge

Ijumaa hiyo Mikumi ilikuwa imejaa mpaka barabarani. Mabasi ya Iringa na Mbeya yalisimama yakihema, wauza mahindi ya kuchoma wakigombea madirisha, na nyuma ya stendi, mbele ya kibanda umiza, foleni ya watu waliokuja kuona filamu mpya ilikuwa imejipinda mpaka kwenye duka la vipuri. Juu ya mlango palitundikwa bango kubwa. Mwanamke mwenye shela jeupe na macho mekundu amesimama katikati ya shamba la mkonge lililotelekezwa. Chini yake pameandikwa kwa herufi zinazochuruzika damu: *Bibi Harusi wa Mkonge*.

Raheli Elikana aliliangalia bango hilo mara moja tu, kisha akageuza macho haraka. Alikuwa ameshuka sasa hivi kwenye gari la kutoka Kilosa, amevaa gauni la kitenge la njano lenye mikono mipana, khanga mpya begani, na viatu ambavyo havikuwa rafiki wa vumbi. Hakuwa na habari na foleni. Akapita pembeni yake taratibu kama mtu anayetafuta choo, mpaka akaufikia mlango.

"Dada, samahani. Foleni inaanzia kule kwenye vipuri."

Akageuka. Aliyesema ni kijana mrefu mwenye shati la kaki na buti za kahawia, miwani ya jua ameipandisha kichwani, usoni vumbi la mbugani halijamtoka.

"Mimi ni mwanahabari," Raheli akasema.

"Na mimi ni dereva. Mbona sijawapita watu kushoto?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Raheli alitaka kukasirika lakini tabasamu lilimtoka kabla hajalizuia, na yule kijana akaliona. Akasogea nyuma kidogo. "Ingia hapa mbele yangu basi. Ila usiwaambie watu kwamba Makarius ana huruma, wataniharibia jina."

Ndani kulikuwa na mabenchi, joto, na harufu ya karanga. Walikaa benchi moja. Filamu ilipoanza na upepo kuvuma kwenye mkonge, Makarius akasikia kitu kikichakarika kando yake. Akatazama. Yule dada mwanahabari alikuwa amejifunika khanga kichwa chote.

"Dada. Umelala?"

"Nasikiliza."

"Muvi inasikilizwa?"

"Nyamaza bwana. Niambie tu, ameshatoka?"

Makarius akaitambua ile sauti. Kila Jumamosi saa nne asubuhi aliisikia garini, kwenye redio ya Kilosa, ikichambua filamu mpya. Ilikuwa sauti yenye kujiamini mno. Wiki iliyopita tu ilikuwa imetangaza: "Mimi Raheli siogopi kitu kilichopakwa poda usoni."

"Wewe ni Raheli wa redioni!" akanong'ona. "Wewe ndiye usiyeogopa poda!"

Mkono ukatoka chini ya khanga na kumkamata kiganja. "Kaka yangu, nakuomba. Ukimwambia mtu, kazi sina. Drama naangalia, dokumentari naangalia, lakini hizi za mizimu siwezi. Nifanyie hisani. Wewe angalia, mimi unihadithie."

Ule mkono ulikuwa laini na haukuachia. Mwanamume gani angesema hapana? Makarius akavuta pumzi, akajikaza, akaanza kumnong'oneza: sasa anatembea, sasa amesimama, sasa mlinzi anakimbia. Walipotoka nje kwenye mwanga, Raheli alikuwa na uchambuzi kamili na Makarius alikuwa amelowa jasho mgongo mzima. Alisema ni joto.

Walikula mishikaki pale stendi, wakabadilishana namba, na simu zikaanza.

"Mtangazaji wangu, uko hewani?"

"Kwako niko hewani muda wote, dereva. Leo umewaona nani?"

"Tembo, twiga, na Mjerumani mmoja aliyevaa soksi na kandambili. Simba alipotokea, akataka kushuka akapige naye picha."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia simba hajalipiwa kiingilio cha studio."

Raheli alicheka mpaka Evarist, fundi mitambo wa kituo, akagonga kioo kumwonyesha kwamba maikrofoni iko wazi. Kilosa nzima ikaanza kujua kwamba binti wa Mzee Elikana ana mtu. Makarius alikuwa akija mjini kila alipopata siku ya mapumziko, amenyoosha shati, amejipulizia manukato mpaka abiria wenzake wanafungua madirisha. Walitembea mtaa wa Mabwerebwere wakinunua maembe, wakibishana kuhusu filamu. Raheli alipenda zile zinazokwenda polepole, watu wakizungumza jikoni. Makarius alisema mtu akikaa jikoni muda mrefu hivyo bila kupakua chakula, hiyo si sanaa, ni mateso.

Mambo yalienda vizuri hadi ilipotoka sehemu ya pili ya *Bibi Harusi wa Mkonge*.

Walikaa tena benchi lile lile Mikumi, Raheli chini ya khanga, kichwa chake begani kwa Makarius. Sehemu hii ilikuwa na kelele kuliko ya kwanza. Watu walipiga mayowe, mwanamke mmoja alitoka nje na mtoto, na mwishoni kabisa zikasikika ngoma, vigelegele, kwaya, na sauti ndefu ya kutafuna.

"Nini hicho?" Raheli akauliza. "Wanakula nini?"

Makarius akachelewa kidogo kujibu. "Pilau," akasema.

"Pilau?"

"Eeh. Bibi harusi amesamehe watu wote. Wamefunga ndoa. Sasa wanakula pilau."

Jumamosi Raheli alikaa mbele ya maikrofoni akiwa na furaha ya kweli. "Wasikilizaji," akasema, "filamu zetu za kutisha zimezoea kumaliza kwa damu, kana kwamba mtunzi hajui njia nyingine ya kutokea. Huyu amethubutu. Mzimu unasamehe! Mwisho wa hadithi tunamwona bibi harusi akiketi na kijiji kizima, wanakula pilau. Nilipoisikia ile sauti ya kutafuna, nilitokwa na machozi. Hiyo ndiyo sinema ya upatanisho."

Simu ya studio ikawaka. Evarist akaunganisha.

"Naitwa Valentino, nipo Morogoro," sauti ikasema polepole, kama ya mtu aliyefiwa. "Mimi ndiye mwongozaji wa hiyo filamu."

"Karibu sana, kaka Valentino! Hongera kwa kazi nzuri!"

"Asante. Dada, ile siyo pilau."

"Siyo pilau?"

"Ni bwana harusi."

Evarist, kwa hofu, akabonyeza kitufe cha kwanza alichokiona, na wimbo wa kwaya ukapigwa.

Kufikia mchana habari ilikuwa imezagaa. Sokoni wauza nyanya walimwita Dada Pilau. Kijana wa bodaboda alimuuliza kama bwana harusi alikuwa na kachumbari. Nyumbani baba yake, Mzee Elikana, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa ambaye hakuwahi kukosea tahajia maishani, alivua miwani akamtazama.

"Raheli. Hiyo filamu uliiona au hukuiona?"

"Nilikuwepo, baba."

"Sikuuliza kama ulikuwepo."

Meneja wa kituo hakupiga kelele, jambo lililomtisha zaidi. Alisema tu kwamba kuna vijana wanataka muda huo wa Jumamosi wazungumzie mpira, na kwamba Raheli ana filamu moja zaidi ya kuonyesha kwamba huwa anaziangalia.

Raheli alimpigia Makarius akiwa amesimama nyuma ya kituo, machozi yakimlenga.

"Makarius, nani aliyekuwa analiwa?"

Upande wa pili kulikuwa na vicheko. Makarius alikuwa kijiweni na madereva wenzake wakisubiri wageni, na mmoja wao alikuwa anasimulia jinsi nyani alivyomnyang'anya mgeni kofia. Lakini Raheli hakumwona huyo nyani. Alisikia vicheko tu.

"Mpenzi, ngoja kwanza, nitakupigia..."

"Nijibu sasa hivi. Ulikuwa umekaa mbele ya kioo. Kwa nini uliniambia pilau?"

Makarius akawatazama wenzake. Wote walikuwa wametega masikio. Hawa walikuwa watu waliomwona akirudisha gari nyuma mbele ya tembo dume aliyekasirika bila kumwaga chai yake. Jibu la kweli lilimfika kooni, akalimeza.

"Nilikuwa nakutania tu," akasema.

"Unanitania?"

"Eeh... utani kidogo."

"Kazi yangu, Makarius. Jina la baba yangu. Na hao wanaocheka hapo, umewahadithia vizuri?" Sauti yake ikakatika. "Usinipigie tena."

Na kweli Makarius alipopiga, simu haikuita. Alituma ujumbe, haukufika. Alikuja Kilosa siku yake ya mapumziko akiwa na mfuko wa machungwa, akasimama nje ya kituo juani. Evarist akatoka na kumwambia kwa upole, "Kaka, amesema ukiendelea kusimama hapa atakutangaza kama kitu kilichopotea." Akamwachia Evarist machungwa, akarudi Mikumi.

Filamu iliyofuata ilikuwa dokumentari, *Majirani Wakubwa*, inayohusu wakulima wanaoishi jirani na hifadhi na tembo wanaoingia mashambani mwao. Raheli hakutaka kuhadithiwa na mtu. Ilipoletwa Kilosa aliiangalia mchana, akarudi kuiangalia tena, macho wazi kama taa za gari. Jumamosi aliongea polepole, bila mbwembwe.

"Filamu hii ina picha nzuri za machweo, nyingi kupita kiasi," alisema. "Mtengenezaji anapenda machweo kuliko anavyopenda watu. Wataalamu wanaongea, na wanaongea, na mimi nilianza kusinzia. Lakini wasikilizaji, katikati yupo mama mmoja wa Mikumi. Jina lake halikuandikwa, na hilo ni kosa. Anasimulia jinsi alivyoamka asubuhi akamkuta tembo kwenye migomba yake, wakaangaliana, na yeye kwa kuchanganyikiwa akapiga goti akasema, 'Shikamoo.' Nilicheka. Halafu mama yule akageuka kutazama migomba iliyolala chini, akasema, 'Hakuitikia. Alikula tu.' Na hapo sikucheka tena. Nilitamani kamera ibaki usoni pake. Mtengenezaji akatupeleka tena kwenye machweo. Huyo mama ndiye filamu yenyewe. Kama ananisikia, namwambia: mama, mimi nimekuona."

Siku chache baadaye, mwanamke mnene mwenye khanga mbili na mkungu wa ndizi kichwani aliingia mapokezi ya redio akitweta, baada ya kukaa kwenye Noah kutoka Mikumi kupitia kijiji cha Ulaya, amebanwa kati ya mbuzi na dirisha.

"Hodi! Yuko wapi aliyeniona?"

Raheli alipomtambua alikaribia kuruka. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Umeona? Wewe umeitikiwa." Akatua ndizi mezani. "Hizi amezibakiza tembo. Naitwa Costancia. Majirani wote wananisalimia sasa kama mbunge. Nimekuja kukushukuru, na nimekuja kuona kama umeolewa."

"Mama!"

"Nauliza tu. Nina kijana wangu wa kwanza, dereva wa watalii. Mrefu, anajua kazi. Lakini siku hizi amekuwa kama kuku aliyenyeshewa. Hali, haongei, Jumamosi anakaa ndani ya gari anasikiliza redio madirisha yamefungwa. Nikimuuliza, ananiambia ni mafua."

Raheli akamsogelea. "Anaitwa nani, mama?"

"Makarius."

Basi ikabidi akae chini. Alitaka kunyamaza, akashindwa. Alieleza yote kuanzia khanga hadi pilau hadi vicheko vya kijiweni, huku akimenya ndizi bila kujua na kumrundikia mama wa watu mapajani. Mama Costancia alisikiliza kwa makini. Ilipofika kwenye pilau, bega moja likaanza kutikisika. Kisha la pili. Kisha akashika meza kwa mikono miwili, akacheka hadi Evarist akatoka studio kuangalia kama kuna mtu anaumwa.

"Makarius? Akaangalie mzimu?" Akajifuta machozi kwa pindo la khanga. "Mwanangu, umedanganywa, lakini si hivyo unavyodhani. Huyo kanisani kwetu, kwenye igizo la Krismasi, Herode akitokea na panga la mbao alikuwa anaingia chini ya benchi. Na si zamani hivyo! Alikuwa tayari ana leseni ya udereva. Hakukutania. Hakuona kitu. Na yeye alikuwa amefumba."

Raheli alibaki na ndizi mkononi. Akakumbuka mgongo uliolowa jasho. Akakumbuka jinsi alivyochelewa kujibu, "Pilau." Kicheko kikamtoka pamoja na machozi, yeye na mama huyo wakiegemeana kama watu waliotoka ulevini.

Alipiga simu palepale. Iliita mara moja tu.

"Raheli? Raheli, ni wewe?"

"Makarius, nijibu bila kuzunguka. Ulikuwa umefumba macho?"

Mlango wa gari ukasikika ukifungwa. "Sehemu ya kwanza nilifumba moja," akasema. "Sehemu ya pili nikafumba yote."

"Na pilau ilitoka wapi?"

"Nilisikia vigelegele, nikasikia watu wanatafuna. Mpenzi, mtu mwenye akili timamu angewaza nini?"

"Wewe unayelala porini na simba!"

"Simba namjua. Simba akishiba analala. Yule bibi harusi hashibi!" Sauti yake ikashuka. "Nilitaka kukuambia. Lakini madereva walikuwa pale, na kule kwenye filamu wewe ulikuwa umeniegemea kama mtu aliyepata ukuta. Niliona aibu kuwa ukuta wa nyasi. Nisamehe. Nilikuponza."

Raheli akanyamaza kidogo ili asimsamehe haraka mno. "Kuna mtu hapa anataka kukusalimia," akasema, akampa mama simu.

"Makarius," mama akasema, "mafua yameisha?"

Jumamosi iliyofuata Raheli alifanya jambo ambalo meneja alisema lingemmaliza. Aliwaambia wasikilizaji kwamba anaogopa filamu za mizimu, ameziogopa daima, na kwamba kuanzia sasa zitachambuliwa na Evarist, ambaye haogopi chochote kwa sababu haelewi chochote zaidi ya mitambo. Simu hazikukatika. Mwanamke wa Rudewa alisema yeye huziangalia kupitia tundu la kitasa. Mzee mmoja wa kijiji cha Ulaya aliungama kwamba hulala na taa. Vijana wa mpira wakaambiwa wasubiri.

Kisha ikaja drama, *Nisubiri Dumila*, ya kijana na binti wanaopishana stendi mpaka nusu ya filamu. Raheli na Makarius waliiangalia pamoja, wote macho wazi, vidole vyao vimesukana. Makarius alikuwa mnyonge siku hiyo. Mfukoni alikuwa na karatasi ya maneno ya posa aliyoyakariri mbugani mpaka mgeni mmoja akamuuliza kama anasali. Yule kijana wa kwenye filamu alipopiga goti katikati ya stendi na kuanza kuhutubia kuhusu nyota, bahari na maua, Raheli akapiga mwayo mrefu. Makarius akameza maneno yake yote. Akamsindikiza nyumbani, akaaga, akaondoka.

"Waigizaji wazuri," Raheli akasema hewani Jumamosi. "Yule mama mkwe anayeuza chai, mpeni filamu yake mwenyewe. Mvua ya mwishoni ni ya ndoo, tumeiona ndoo. Lakini ile posa, wasikilizaji! Mtu anayependa kweli hahutubii. Anauliza, basi."

Evarist akainua kidole. Simu.

"Naitwa Makarius wa Mikumi." Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa injini na mtu anauliza kitu kwa Kijerumani. "Nauliza, basi. Utakubali nikuoe?"

Raheli akafungua mdomo. Kabla hajajibu, taa ya laini ya pili ikawaka, na Evarist, ambaye hakuelewa, akaiunganisha.

"Mimi ni Elikana, niko Mabwerebwere," sauti ya mwalimu ikajaza studio. "Huyo kijana hajasalimia."

"Shi... shikamoo, baba!"

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Wa marehemu Petro na mama Costancia, baba. Mama wa tembo."

"Aa. Yule. Alisema kweli yule mama. Kanisa?"

"Mkatoliki, baba."

Wilaya nzima ikasubiri. Sokoni, muuza nyanya alisimama na fungu mkononi.

"Hilo tutaliongea ukiwa umekaa," Mzee Elikana akasema. "Jumapili sisi tunatoka ibadani saa nne. Mama Raheli ameshaanza kuosha vyombo. Njoo na wazee wako, na usije na mikono mitupu."

"Ndiyo, baba. Asante, baba."

"Samahani," Raheli akasema kwenye maikrofoni. "Aliyeulizwa ni mimi."

Kule Mikumi injini ikazimwa.

"Ni kweli," Makarius akasema taratibu. "Raheli?"

Raheli aligundua kwamba alikuwa amesimama, vipokea sauti vimemteleza shingoni, mikono yote miwili imeshika maikrofoni kama mtu anayeogopa itaondoka.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, Makarius. Sasa kateni simu, wote wawili, nafanya kazi."

Kisha akakaa na kuuficha uso mezani, mabega yakitikisika, na Evarist, akimtazama kupitia kioo, akaweka tangazo la mbegu za mahindi, na lilipoisha akaliweka tena.